Kiganja cha Udongo wa Khartoum

Ndugu zangu, wapo humu ndani wanaoikumbuka Ijumaa ile, Agosti 7, 1998. Mabomu yalilipuliwa kwenye balozi za Marekani: Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Waliokuwa kwenye majengo jirani na ubalozi wa Marekani jijini Nairobi walisikia kwanza mlipuko mdogo, wakakimbilia madirishani kuchungulia. Ndipo bomu lenyewe likalipuka, vioo vikawaingia machoni. Wapo ambao hawajaona tena tangu siku hiyo. Naanzia hapo kwa sababu yaliyofuata yalifanywa kwa jina la wafu wetu pia.

Agosti 20, makombora ya Marekani yalipiga kambi za Al-Qaeda, kundi lililotajwa kuwa ndilo lililotulipua, huko Afghanistan, na siku hiyohiyo yakakibomoa kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum, Sudan. Habari za kambi naziacha. Tukae kwenye kiwanda.

Washington ilisema kinahusika na silaha za kemikali. Ushahidi mkuu uliotajwa ni sampuli ya udongo iliyochotwa kwa siri karibu na kiwanda, ikadaiwa kuwa na kemikali iitwayo EMPTA, inayoweza kutumika kutengeneza sumu ya VX. Kiganja cha udongo! Na kiwanda chenyewe kilikuwa kikitoa dawa za binadamu na za mifugo, katika nchi ambayo malaria haichagui nyumba.

Sasa, vyombo vya habari vya Marekani viliuliza nini wiki ile? Siku tatu kabla ya makombora, Rais Clinton alikuwa amekiri uhusiano wake wa kimapenzi na Monica Lewinsky, aliyekuwa mwanafunzi wa mafunzo ya kazi katika Ikulu ya Marekani. Swali lililotawala likawa: je, rais anaficha aibu yake nyuma ya makombora? Ni swali la haki, silikatai. Lakini hata hilo ni la Wamarekani na rais wao. Udongo ulichotwa wapi hasa, ulipimwa na nani, mara ngapi? Hayo yaliulizwa kwa sauti ndogo, na kura za maoni zilionyesha Wamarekani wengi wanaunga mkono mashambulizi.

Februari mwaka huohuo, Madeleine Albright, waziri wa mambo ya nje, alisema kwenye televisheni ya NBC kwamba Marekani ni taifa ambalo dunia haiwezi kwenda bila hilo, na kwamba linaona mbali kuliko mataifa mengine. Sidhani alikuwa anadanganya. Nadhani aliamini, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ukishaamini kwamba nchi yako inaona mbali kuliko wenzake, utaidai ushahidi wa nini? Mwandishi aliyelelewa katika imani hiyo hahitaji mhariri wa kumzuia. Swali lenyewe halimjii.

Sudan iliomba Umoja wa Mataifa utume wachunguzi, Marekani ikapinga. Mei 1999, serikali ya Marekani ikaziachia fedha za mwenye kiwanda ilizokuwa imezizuia, dola milioni 24 hivi. Oktoba mwaka huo, New York Times ikaandika kwamba ndani ya serikali yenyewe wapo waliokuwa wameutilia shaka ushahidi. Kazi nzuri, ila miezi 14 ilikuwa imepita. Kauli ya rais ilifika kila sebule kwa usiku mmoja. Shaka iliwafikia wasomaji wavumilivu tu. Iraq ilipovamiwa mwaka 2003 mambo yakajirudia, na Mei 2004 gazeti hilohilo likakiri kwamba baadhi ya habari zake kuhusu silaha za Iraq hazikuchujwa inavyopaswa.

Na sisi? Niseme langu. Usiku ule wa makombora ya Khartoum nilifurahi. Nilikuwa na uchungu wa msiba, na redio iliposema wamelipiziwa, sikuuliza waliopigwa ni akina nani. Kumbe mlinzi wa kiwanda alikuwa amekufa.

Miaka ilipita ndipo nikalitazama vizuri jina la kiwanda kile. Al-Shifa. Ni shifaa, neno lilelile tunalomwombea mgonjwa hapa kwetu Pwani. Redio ilikuwa imelitaja usiku ule, tena si mara moja, nami nimekaa pembeni yake.