Theluji, Krismasi na hewa iliyofungiwa

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie maisha ya familia nyumbani siku za Krismasi, theluji ikiwa imejaa mlangoni. Aliyenialika akanisihi nisiwachoshe kwa sayansi. Nitajitahidi, ila nawaambia mapema: leo nina jambo moja tu, nalo ni hewa.

Nianze na maneno yetu wenyewe. Tuna theluji na tuna barafu. La kwanza tumelipata kwa Waarabu, la pili kwa Waajemi, na kwa Waajemi neno hilo, barf, maana yake ni theluji hasa! Kwa hiyo maneno yote mawili yalitufikia yakiwa na kazi ileile, sisi tukayagawia: inayoanguka laini ikawa theluji, iliyoganda ngumu ikawa barafu. Mgawo huo ni wa busara kuliko tunavyodhani, maana kinachotenganisha vitu hivyo viwili ni hewa. Barafu ni maji yaliyoshikana. Theluji iliyoanguka usiku wa kuamkia leo ni maji kidogo sana yaliyoshikilia hewa nyingi: sehemu 9 katika 10, pengine zaidi. Jaza ndoo hadi juu, iweke karibu na hita, kisha urudi kuangalia. Mara ya kwanza utadhani kuna mtu amemwaga.

Wale mliokwisha kuamka asubuhi ya namna hiyo mnaujua ukimya wake. Hujafungua pazia, lakini masikio yameshakuambia. Sauti inaingia kwenye vijitundu vya hewa vilivyomo ndani ya theluji, inapotelea humo, hairudi. Basi nyumba nzima inakuwa kama imefunikwa blanketi. (Nusu ya sifa wapeni majirani, siku ya sikukuu wamelala.) Subirini siku mbili: jua likiyeyusha juu kidogo, usiku ukagandisha, hutokea gamba gumu, na hapo sauti zinagonga na kurudi. Unasikia mlango wa nyumba ya tatu ukifungwa.

Sasa mtoto anataka kutoka. Mvisheni, lakini msimvishe vibaya. Sweta halina joto hata chembe. Joto ni la mtoto mwenyewe, kazi ya sweta ni kuizuia hewa isitembee. Ndiyo maana nguo tatu nyepesi zilizopandana hushinda koti moja zito linalobana. Glavu za mfuko, zile zinazoacha kidole gumba peke yake, hushinda za vidole vitano, maana vidole vinne vinagawana hewa moja. Adui ni unyevu. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 ya hewa iliyotulia, kwa hiyo soksi iliyolowa jasho ni mbaya kuliko kutovaa soksi ya pili. Pamba ikilowa hukaa na maji. Ya ndani kabisa iwe sufu, au kitambaa kinachokauka upesi.

Akishavaa, mfundisheni hivi: asimame nje kwanza, dakika kadhaa, mkono wa koti jeusi upoe. Kisha aunyooshe, asubiri chembe itue, aitazame bila kuipumulia. Mkono ukiwa bado na joto la ndani, chembe inakuwa tone kabla hajaiona. Ukiwa umepoa, ataona nyota ndogo ya pembe sita, matawi yamechongeka. Mwanaastronomia Mjerumani Johannes Kepler aliandika mwaka 1611 akiuliza kwa nini ziwe sita daima, si tano wala saba. Alikisia tu, jibu lilisubiri mpaka watu walipoweza kuchunguza kwa eksirei jinsi molekuli za maji zinavyojipanga zinapoganda.

Ila ninayempenda mimi ni Wilson Bentley, mtoto wa wakulima wa Jericho, jimbo la Vermont, Marekani. Mama yake alikuwa amewahi kufundisha shule, akamsomesha nyumbani, na hadubini ya kwanza kijana huyo aliipata kwake. Januari 1885, kabla hajatimiza miaka 20, aliiunganisha hadubini na kamera akapiga picha ya chembe moja ya theluji. Aliendelea hivyo maisha yake yote, akafikisha picha zaidi ya 5,000, na zote alizipiga mahali pasipo na moto, maana chumba chenye joto kingemharibia kazi. Alifariki tarehe 23 Desemba 1931, siku mbili kabla ya Krismasi, kwa nimonia.

Turudi ndani. Huku hewa inageuka, na wengi hawaioni. Ya nje, ikiwa kwenye nyuzi 0, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 5 hivi za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ukiiingiza na kuipasha hadi nyuzi 20, sasa ina uwezo wa kubeba gramu 17, lakini mvuke wake ni uleule. Ina kiu. Itakunywa midomo ya watoto, ngozi ya mikono, na mti wa Krismasi kama ni mti halisi uliokatwa. Ule hunywa maji mengi, hasa siku za mwanzo. Ukisahau kuujazia, unakauka, na mti mkavu karibu na hita au mshumaa hushika moto kwa kasi inayotisha.

Hewa isiyotembea nayo ina hila zake. Mkesha mmoja wa Krismasi bomba la sinki jikoni kwangu liligoma. Jikoni palikuwa na joto, nikashangaa. Kumbe bomba limepita ukutani nyuma ya kabati, na mimi kabati nimelifunga vizuri kama mtu nadhifu. Joto la chumba halikufika, maji yakaganda ndani ya bomba. Tukafungua milango ya kabati, tukaacha bomba wazi, tukasubiri saa mbili huku kila mtu akinitazama. Bahati halikupasuka, maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, na chuma hakishindani nayo. Siku hizi baridi ikizidi naacha kabati wazi na maji yadondoke kidogokidogo.

Na hapa sitanii. Msiingize jiko la mkaa ndani ili kuota moto, hata mkifungua dirisha kidogo. Msiwashe gari gereji mlango ukiwa umefungwa. Theluji ikirundikana, tokeni mkaangalie tundu la nje la bomba la moshi la hita lisizibwe. Moto wa mkaa, gari na hita hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Inaanza na kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi, na nyumba nzima ikiumwa kichwa kwa pamoja msiseme ni uchovu wa sikukuu. Tokeni nje kwanza, ndipo mpige simu.

Kuna mama hapo mbele ameuliza kabla hatujaanza kwa nini mwaka jana sanamu ya theluji iliwashinda, watoto wakalia. Mama, theluji yenu ilikuwa kavu mno. Baridi ikiwa kali, chembe hazina maji ya kuzigandisha pamoja, zinamwagika kama unga. Chukua konzi moja, ibane. Ikibaki na alama za vidole, waite watoto. Ikisambaratika, wape koleo wachimbe njia ya mlangoni, mjaribu tena mchana nyuzi zikikaribia 0.