Foleni Iliyojificha Ndani ya Ruta

ZAINABU: Hamjambo wasikilizaji wetu, karibuni tena. Mimi ni Zainabu, na niko na kaka Musa. Mada ya leo niliichagua mimi, na niliichagua kwa hasira.

MUSA: Hasira za ile simu ya mama.

ZAINABU: Hiyohiyo. Naongea na mama kwa simu ya video, sura yake safi, sauti safi. Mara midomo inacheza, sauti haiji. Baada ya muda sauti inakuja, "Unanisikia? Zainabu, unanisikia?", lakini sura imeganda. Natoka chumbani namkuta mdogo wangu anapakia video mtandaoni. Video moja tu, Musa. Na kifurushi chetu cha intaneti si kidogo.

MUSA: Zamani ningekwambia ununue kikubwa zaidi, mambo yaishe.

ZAINABU: Kila niliyemuuliza alinijibu hivyo. Basi nikafanya kipimo. Nikapiga pingi, yaani unatuma pakiti ndogo, kipande kidogo cha data, kwenye seva halafu unahesabu muda inaotumia kwenda na kurudi. Nyumba ikiwa kimya napata milisekunde 24, 23, 25. Nikamwambia mdogo wangu aanze kupakia. 180. 610. 940.

MUSA: Subiri hapo. 940 ni karibu sekunde nzima. Ndani ya nyuzi za kioo mwanga unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa muda huo pakiti yako ingeweza kuizunguka dunia karibu mara tano. Seva haikuhama. Sasa hiyo pakiti ilikuwa wapi muda wote huo?

ZAINABU: Ilikuwa sebuleni kwangu, ndani ya ruta, kile kisanduku kinachotuletea intaneti nyumbani. Imesimama kwenye foleni, mbele yake kuna lundo la pakiti za video ya mdogo wangu.

MUSA: Tuweke hesabu wazi, maana hapa ndipo wengi hawajawahi kuangalia. Kila ruta ina bafa, kumbukumbu ya kuzishikilia pakiti zinapokuja haraka kuliko zinavyoweza kutoka. Tuseme njia yako ya kupakia ni megabiti 2 kwa sekunde, na bafa ni kilobaiti 256. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo kilobaiti 256 ni kama megabiti 2. Bafa ikijaa, pakiti inayoingia mwisho itangoja sekunde moja kamili ndipo itoke. Hakuna kilichoharibika, hakuna pakiti iliyopotea. Kila kifaa kinafanya kazi yake, na simu ya mama haisikiki.

ZAINABU: Hapo ndipo nilipouliza, kwani kompyuta ya mdogo wangu haioni kwamba njia imejaa? Mbona inaendelea kusukuma?

MUSA: Kwa sababu hakuna aliyeiambia. Turudi nyuma kidogo. Oktoba 1986, Marekani, maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California pale Berkeley. Kati yao hakufiki mita 400. Ghafla mawasiliano yao yakaporomoka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40.

ZAINABU: Biti 40, si kilobiti.

MUSA: Biti! Kama herufi tano kwa sekunde. Mtafiti mmoja, Van Jacobson, alikuwa pale, akaanza kuchunguza. Kila kompyuta ilipoona jibu limechelewa ilituma pakiti ileile tena, na marudio hayo yakazidi kuziba njia. Mwaka 1988 akachapisha suluhisho: anza polepole, ongeza kidogo kidogo, ukiona pakiti imepotea, punguza kwa nusu. Kanuni hiyo iliingia kwenye TCP, utaratibu ambao kompyuta hutumia kutumiana data, na ndiyo iliyouokoa mtandao. Mimi namheshimu sana mtu huyu, maana jina lake litarudi tena na tena leo.

ZAINABU: Lakini sikiliza kilichojificha humo. Ishara ya msongamano ni pakiti kupotea. Baadaye kumbukumbu za kompyuta zikashuka bei, watengenezaji wakaona ni vizuri pakiti isipotee hata moja, wakaweka bafa kubwa. Nia njema kabisa. Matokeo yake mtumaji hapati ishara mpaka bafa lote lifurike, na likifurika foleni imeshakuwa ndefu.

MUSA: Mhandisi wa kompyuta Jim Gettys ndiye aliyelipigia kelele, mwaka 2010. Na yeye alikuta jambo hili nyumbani kwake, alipokuwa akihamisha mafaili na intaneti ya familia ikawa haitumiki. Akalipa jina, bufferbloat, ambalo kwa Kiswahili mimi naliita uvimbe wa bafa.

ZAINABU: Mwaka 2012 ikaja dawa ya kwanza ninayoipenda kwa moyo wote. Kathleen Nichols na Jacobson…

MUSA: Nilikwambia atarudi.

ZAINABU: …walitoa CoDel, kanuni ya kusimamia foleni ndani ya ruta. Kabla yake, waliojaribu kusimamia foleni waliangalia urefu wake, pakiti ngapi zimo. Nichols na Jacobson wakasema urefu unadanganya. Pima muda ambao kila pakiti imekaa ndani. Pakiti zikikaa zaidi ya milisekunde 5, na hali hiyo ikadumu milisekunde 100 mfululizo, angusha moja. Mtumaji atapata ujumbe. Foleni ya kupita tu inaachwa, foleni iliyopiga kambi inavunjwa. Halafu wengine wakaongeza kuzitenganisha safari, ili pakiti chache za simu zisisimame nyuma ya lundo la video. Mchanganyiko huo ni fq_codel, nao umo ndani ya Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, na ndani ya ruta nyingi.

MUSA: Na ya kwako?

ZAINABU: Imo, ila ilikuwa imezimwa! Nikaiwasha, nikaweka kasi ya kupakia chini kidogo ya ile ya laini yenyewe, ili foleni ikae kwenye ruta yangu ninayoisimamia mimi. Mdogo wangu akapakia tena. 31, 28, 34.

MUSA: Na video yake?

ZAINABU: Ilichelewa kidogo tu, wala hakujua.

MUSA: Mimi nilitaka nitaje BBR pia, kanuni ya kutuma ya watafiti wa Google, 2016, Jacobson akiwemo. Yenyewe haingoji pakiti ipotee, inakadiria upana wa njia na muda mfupi kabisa wa safari, halafu inatuma kwa kiasi hicho. Na QUIC, utaratibu mpya wa kutumiana data, uliopitishwa rasmi na IETF, shirika la viwango vya intaneti, mwaka 2021. Kazi iliyokuwa ya TCP, ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, inahamishiwa kwenye programu yenyewe, kwa hiyo kanuni mpya ya kutuma inaweza kumfikia mtumiaji kwa kusasisha kivinjari tu. Zaidi ya hapo, ukitoka kwenye Wi-Fi ukaingia data ya simu, mazungumzo yako na seva hayakatiki, yanatambulika kwa namba yake yenyewe. Lakini QUIC inastahili kipindi chake.

ZAINABU: Inastahili. Leo nataka tukae kwenye biti mbili.

MUSA: Haya, biti mbili.

ZAINABU: Kila pakiti ya intaneti inabeba kichwa chenye anwani na maelezo mengine. Mle ndani kuna biti mbili za kuonyesha msongamano, zilizopangiwa kazi mwaka 2001. Biti mbili zinatoa michanganyiko minne tu. Sifuri-sifuri: mtumaji huyu haelewi alama. Moja-moja: nimekuta foleni njiani. Hizo mbili zilizobaki, moja-sifuri na sifuri-moja, zote zilimaanisha kitu kimoja: mtumaji anaelewa alama. Faida ni kwamba ruta haihitaji kuangusha pakiti ili iseme njia imejaa. Inaitia alama tu, na pakiti inafika salama.

MUSA: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Alama ndiyo ufa.

ZAINABU: Lakini kanuni ya 2001 ilitaka alama moja ichukuliwe sawa na pakiti kupotea, yaani mtumaji apunguze sana. Kwa hiyo ruta haikuweza kutia alama mapema, maana kasi ingeporomoka bure. Mwaka 2010 watafiti wa Stanford na Microsoft wakaonyesha, ndani ya vituo vya data, kwamba ukihesabu ni pakiti ngapi zimetiwa alama unaweza kupunguza kwa kadiri hiyo. Alama chache, punguza kidogo. Nyingi, punguza sana. Foleni ikawa fupi mno.

MUSA: Ila huwezi kuileta tu nje ya vituo hivyo, kwenye intaneti ya wote. Huku nje wako watumaji wa kanuni ya zamani, na hao wangepunguza kwa nusu huku wenzao wanapunguza kidogo. Wangenyonywa.

ZAINABU: Ndiyo kazi ya L4S, utaratibu wa kuleta njia hiyo kwenye intaneti ya wote, uliochapishwa na IETF Januari 2023. Ile sifuri-moja, iliyokuwa haina kazi ya pekee, ikapewa maana mpya: mtumaji huyu ni wa kanuni mpya. Ruta inaweka foleni mbili. Ya zamani inaendelea kama ilivyo. Mpya inatiwa alama mapema sana, ili pakiti isingoje hata milisekunde moja kwa wastani. Na foleni hizo zimefungamanishwa, msongamano wa ile ya zamani unaongeza alama kwenye mpya, ili kila mmoja apate haki yake.

MUSA: Watu waligombana miaka juu ya hiyo sifuri-moja. Na walikuwa na hoja. Ndiyo nafasi ya mwisho iliyobaki, ukiitumia vibaya hupati nyingine. Na pakiti ya L4S ikipita kwenye ruta ya zamani inayotia alama za 2001, huyo mtumaji mpya anaweza kuwabana wenzake. Mimi bado naona wasiwasi huo ni wa kweli.

ZAINABU: Ni wa kweli, ndiyo maana watumaji hao wametakiwa waangalie hali hiyo na warudi kwenye kanuni ya zamani wakiiona. Kazi imeanza: Apple wameiweka kwenye iOS, mfumo wa simu za iPhone, na Comcast, kampuni ya intaneti kule Marekani, walianza kuifungulia wateja wao Januari 2025. Lakini inahitaji mtumaji, mpokeaji, na ile ruta iliyopo pale njia inapobana, wote watatu. Akikosekana mmoja, unabaki ulipokuwa.

MUSA: Kwa msikilizaji ambaye laini yake haijafika huko?

ZAINABU: Afanye nilichofanya. Piga pingi nyumba ikiwa kimya, andika namba. Anza kupakia faili kubwa, piga tena, andika. Kisha fungua mipangilio ya ruta, tafuta fq_codel au kitu kinachosimamia foleni. Ukikuta haipo, tuandikie aina ya ruta na namba zako mbili. Wiki ijayo tutaanza na hizo.