Kipindupindu: Anayekufa Hukaukiwa

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Niliombwa nizungumzie bakteria wote wanaosambaa kwa maji. Homa ya matumbo na kuhara damu vina siku yao. Leo nina kipindupindu tu, na tuanzie Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, mpakani na Rwanda.

Julai 1994, wakimbizi zaidi ya nusu milioni walivuka kutoka Rwanda. Walipofikia ni mwamba wa volkeno: choo hakichimbiki, kaburi halichimbiki. Maji ni Ziwa Kivu. Mwezi wa kwanza walikufa karibu 50,000, wengi wao kwa kuhara.

Sasa nisikilizeni vizuri. Bakteria wa kipindupindu haozeshi utumbo. Hung'ang'ania ukuta wa utumbo mwembamba na kutoa sumu inayozifanya seli zimwage chumvi, na chumvi ikitoka maji nayo hufuata. Choo kinakuwa kama maji yaliyooshewa mchele; mtu mzima anaweza kupoteza hata lita nzima kwa saa. Macho yanadidimia, ngozi ukiifinya inachelewa kurudi. Anakufa kwa kukaukiwa, pengine siku hiyohiyo.

Mwaka 1971, huko Bongaon, India, kambi ya wakimbizi wa vita vya Bangladesh iliishiwa dripu. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza maji yachanganywe na chumvi na glukosi, yaani aina ya sukari, ndugu wakawanywesha wagonjwa wao wenyewe. Vifo vikashuka kutoka asilimia 30 hadi chini ya 4. Kazi yote ni ya sukari: hata utumbo wenye sumu bado unafyonza sukari pamoja na chumvi, na maji yanaingia nazo.

Goma ilikuja miaka 23 baadaye. Watafiti waliochunguza vituo vya matibabu walikuta wagonjwa wanarudishiwa maji polepole mno, dripu zisizofaa, na maji ya kunywa yenye chumvi na sukari yanatumika kidogo. Mwamba tungeusamehe. Hili mimi silisamehe.

Antibiotiki? Hufupisha ugonjwa, ila hairudishi maji yaliyopotea. Anza na pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji ya kunywa. Ikikosekana: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwa sababu chumvi ikizidi inadhuru. Safari ya kituoni ianze papo hapo, na kikombe kiwe mkononi njia nzima. Mtoto akitapika, ngojeni dakika 10, kisha mwendelee kumpa kijiko kimoja kimoja.