Mikimbio Miwili: Msimu wa 2023 wa Leicestershire kwa Macho ya Shabiki

SALIM: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Mimi niko hapa Mombasa, na mwenzangu yuko kule kule kwake Leicester, Uingereza, kwenye baridi. Dada Rukia, shikamoo.

RUKIA: Marahaba, mdogo wangu. Habari za nyumbani?

SALIM: Salama. Jua kali, bahari shwari. Leo, dada, sikuulizi habari za mpira wa miguu. Watu wametuandikia wakasema, huyo Rukia wenu kila kipindi hutaja kriketi halafu mwaipita haraka. Basi leo usipite. Wewe ni shabiki wa Leicestershire, na mwaka huu wa 2025 timu yenu imetwaa Daraja la Pili na kupanda. Hebu tuanzie hapo.

RUKIA: Hapana, tusianzie hapo. Ukianzia 2025 utaona timu imepanda tu, kama vile timu hupanda kila mwaka. Tuanze na 2023. Msimu ule ndio uliotugeuza, na ndio ninaoubeba moyoni.

SALIM: Haya. Lakini kwanza mweleze msikilizaji ambaye hajawahi kuona kriketi ya kaunti.

RUKIA: Kaunti ziko 18. Wanacheza Ubingwa wa Kaunti, mechi za siku nne, madaraja mawili. Halafu kuna ile fupi ya ova 20, na kuna Kombe la Siku Moja, ova 50 kila upande. Ova moja ni mipira sita. Mpigaji anakusanya mikimbio, ndiyo pointi za mchezo, na kila mpigaji anayetolewa ni wiketi moja; zikianguka kumi, zamu ya timu imekwisha. Leicestershire ni moja ya zile ndogo. Pesa kidogo, uwanja mdogo, Grace Road, umezungukwa na nyumba za watu. Tumechukua Ubingwa mara tatu: 1975, 1996 na 1998. Baada ya hapo tukashuka daraja mwisho wa 2003, na huko chini tukakaa hadi mwaka huu.

SALIM: Miaka 22!

RUKIA: Na si kukaa tu. Kuna kipindi, kutoka Septemba 2012 hadi Juni 2015, hatukushinda mechi hata moja ya Ubingwa. Siku 992. Mimi nilikuwa naenda. Nafunga chakula changu, nachukua blanketi, nakaa na mzee mmoja jirani yangu, tunatazama timu ikifungwa, tunarudi nyumbani.

SALIM: Kwa nini ulikuwa unaenda, dada?

RUKIA: Kwa sababu ya huyo mzee, kwanza. Alifika Leicester 1972 akitokea Jinja, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda. Na wajua baraza la mji wa Leicester lilifanya nini mwaka ule? Lilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus, kule kule Kampala, kuwaambia watu wasije Leicester, mji umejaa.

SALIM: Wakaja hata hivyo.

RUKIA: Wakaja hata hivyo. Leo mji huu huwezi kuutenga nao. Ukipita Belgrave Road utaona maduka ya vito, sari, mithai, na mikahawa inauza kitu kinachoitwa mogo. Mimi siku ya kwanza naona neno hilo kwenye orodha ya vyakula nikasimama. Ni muhogo wetu! Wahindi wa Afrika Mashariki wamelibeba neno hadi huku, likapoteza silabi moja njiani. Basi mzee wangu huyo akanisikia nikiongea na mama yangu kwa simu, akanijibu kwa Kiswahili. Kiswahili chake cha dukani, cha zamani, lakini kimenyooka. Wiki iliyofuata akanipeleka Grace Road.

SALIM: Mimi kriketi naijua kupitia Mombasa Sports Club. Tulikuwa tukitoka chuoni jioni twatazama kupitia uzio. Lakini ya siku nne, nakuambia kweli, sijawahi kuimaliza.

RUKIA: Hiyo ya siku nne hukai uimalize, unaishi nayo. Watu wanasoma magazeti, wanafuma, wanalala kidogo. Ukiamka unamuuliza wa kando yako, "Nimekosa nini?"

SALIM: Sasa 2023.

RUKIA: Rudi nyuma hatua moja. 2022 tulimaliza mkiani kabisa, hatukushinda mechi hata moja ya Ubingwa. Basi 2023 inaanza Aprili, mechi ya kwanza ni ugenini, Leeds, dhidi ya Yorkshire, uwanja wa Headingley. Yorkshire ni jina zito kuliko yote kwenye Ubingwa. Na siku ya mwisho tunahitaji mikimbio 389 ili kushinda.

SALIM: Hiyo watu hawaifukuzii kwa kawaida. Wanacheza kwa kujihami, wapate sare.

RUKIA: Timu ya 2022 ingejihami, na ingeshindwa vilevile. Hii ikaifukuza. Ikafika, wiketi tatu bado mkononi. Salim, mara ya mwisho Leicestershire kushinda pale Headingley ilikuwa 1910. Mzee wangu wa Jinja alikuwa hajazaliwa! Mimi nilikuwa kazini, simu nimeiweka chini ya meza, nasoma matokeo mpira kwa mpira. Nilitoka nje nikampigia. Hakusema kitu kwa muda. Halafu akasema, "Sasa waanze kutuogopa."

SALIM: Na wakaanza?

RUKIA: Msimu mzima tulikuwa kwenye mbio za kupanda. Hatukupanda mwaka ule, walipanda Durham na Worcestershire. Lakini nataka nikueleze wiki moja tu ya Septemba, maana wiki ile ndiyo msimu wenyewe. Tunakwenda Hove, kwa Sussex, tukiwa bado na matumaini. Zamu ya kwanza tumetolewa kwa mikimbio 108 tu. Aibu. Sussex wanatuwekea lengo la 499.

SALIM: Mia nne tisini na tisa? Hiyo si lengo, hiyo ni adhabu.

RUKIA: Tulifika 483.

SALIM: Dada...

RUKIA: Tukashindwa kwa mikimbio 15. Baadaye Sussex wakakatwa pointi 12 kwa utovu wa nidhamu uliowarundikia makosa msimu ule, lakini sisi mechi tulikuwa tumeshaipoteza. Wachezaji wamesimama siku nne, wamechoka mwili na roho. Na siku tatu baadaye, Jumamosi ya tarehe 16 Septemba, wana fainali ya Kombe la Siku Moja.

SALIM: Hapo nieleze kitu. Kuna watu husema lile kombe siku hizi halina uzito, kwa sababu nyota wote hawapo.

RUKIA: Hilo linaniuma, acha nilijibu vizuri. Tangu 2021 kuna mashindano yanaitwa The Hundred, timu nane zilizowekwa kwenye viwanja vya miji mikubwa. Yanachezwa Agosti, kilele cha kiangazi, watoto wako likizo. Yanachukua wachezaji bora wa kila kaunti. Kombe la Siku Moja limesukumwa Agosti hiyo hiyo, kaunti zicheze na waliobaki. Basi wakubwa wanasema ni kombe la waliobaki. Lakini mimi shabiki wa timu ndogo, maisha yangu yote ni waliobaki! Sisi ni kitalu, Salim. Tunaotesha mche, tunaumwagilia, ukishika mizizi anakuja tajiri anaung'oa anaenda kuupanda kwake. Stuart Broad alianzia kwetu, akaenda Nottinghamshire. James Taylor alianzia kwetu, Nottinghamshire. Harry Gurney, Nottinghamshire. Zak Chappell, Nottinghamshire.

SALIM: Jirani huyo huyo.

RUKIA: Nusu saa kwa treni. Siwalaumu vijana, mtu atafuta riziki yake na jina lake. Lakini sisi tunaobaki kwenye viti tunahesabu. Na fainali ile unajua ilichezwa wapi?

SALIM: Usiniambie.

RUKIA: Trent Bridge. Nyumbani kwa Nottinghamshire.

SALIM: Sasa nimeelewa kwa nini ulitaka kuanzia hapa.

RUKIA: Tumepanda treni asubuhi, mimi na mzee, amevaa skafu yake ya kijani, mbweha wa nembo yetu amefumwa pembeni. Tunacheza na Hampshire. Timu yetu imeongoza kundi, nusu fainali imewashinda Gloucestershire bila taabu. Lakini Peter Handscomb, Mwaustralia, nguzo yetu ya upigaji, ameshaondoka kurudi kwao. Nafasi yake anapewa Harry Swindells, ambaye hakuwa amecheza mechi hata moja ya mashindano yale. Kipa wa akiba, yule wa kudaka mipira nyuma ya mpigaji. Mtoto wa Leicester, kazaliwa hapa hapa mjini.

SALIM: Fainali ndiyo mechi yake ya kwanza?

RUKIA: Ya kwanza. Na anaingia timu ikiwa imevunjika. Tulikuwa 89 kwa wiketi sita. Uwanja mzima waona mchezo umekwisha. Nyuma yangu kuna watu wanaongea habari ya treni ya mapema. Mwenzake uwanjani ni Sam Evans, naye mzaliwa wa Leicester. Vijana wawili ambao hakuna tajiri aliyewahi kuja kuwaulizia.

SALIM: Wakafanya nini?

RUKIA: Mwanzo hawakufanya kitu chochote cha kuonekana, na hapo ndipo uzuri ulipo. Mkimbio mmoja. Mwingine mmoja. Wanazuia, wanaacha mpira upite, wanakimbia wawili penye mmoja na nusu. Mimi sikutambua wametoka hatarini hadi nilipotazama ubao nikaona wamefikisha hamsini pamoja. Halafu mia. Wakaongeza 151 kabla ya Evans kutolewa, akiwa na 60. Swindells hakutolewa kabisa. Alimaliza na 117. Alipofika mia moja mzee alisimama. Goti lake moja halikunjiki vizuri, kusimama kwake ni kazi, lakini alisimama akakaa hivyo hivyo dakika nzima.

SALIM: Jumla?

RUKIA: 267 kwa wiketi saba. Haikuwa kubwa. Hampshire wana wapigaji wa timu ya taifa. Walikuwa wanakuja taratibu, wiketi inaanguka, wanajenga tena. Hadi ova ya mwisho: wanahitaji mikimbio 8. Nahodha wetu Lewis Hill anampa mpira Josh Hull. Huyo alikuwa na miaka 19. Mrefu kama mnazi, mkono wa kushoto.

SALIM: Mikimbio 8 kwa mipira sita, kriketi ya siku hizi hiyo ni pigo moja na nusu.

RUKIA: Pigo moja la kuvuka mpaka, lile la mikimbio sita, na miwili juu yake. Mimi sikutazama mipira yote, nasema kweli. Nilikuwa nimeshika ncha ya skafu ya mzee na macho nimefumba, nasikiliza sauti tu. Ukisikia "ko" kavu ujue mpira umegonga bati vizuri. Ukisikia kitu cha kukwaruza, kuna nafasi. Nilisikia kukwaruza. Hull alitoa mikimbio mitano tu. Hampshire 265. Sisi 267.

SALIM: Mikimbio miwili!

RUKIA: Miwili. Kombe letu la kwanza tangu la ova 20 la 2011. Na katika hizi za siku moja ndefu, tangu 1985. Tena kwenye uwanja ule! Mzee alilia. Mimi nililia. Yule mtu wa treni ya mapema naye alikuwa bado yupo, amekumbatia mtoto wake.

SALIM: Nikuulize kwa uchokozi kidogo. Hampshire nao hawakuwa na wote. Ungefurahi vile vile kama ingekuwa kombe la nyota wote?

RUKIA: Ningefurahi, lakini si hivi. Kombe la nyota, Swindells angekaa benchi. Mimi ninapotazama timu yangu nataka kumwona mtu ambaye mji huu ni wake, anapewa siku moja, na siku hiyo inamkuta yuko tayari. Alijiweka tayari miezi yote ile bila kuchezeshwa. Nani anamfundisha mtu hivyo? Hilo ndilo kombe langu, na wakisema ni la waliobaki, waseme.

SALIM: Na 2025 inaingiaje?

RUKIA: Ndiyo mavuno. Handscomb alirudi akawa nahodha kwenye Ubingwa. Kocha ni Alfonso Thomas, ambaye ndiye aliyeanza na vijana hawa 2023. Na tuna Rehan Ahmed. Huyu ndiye mwanamume mdogo kuliko wote kuchezea Uingereza mechi ya kimataifa ya siku tano, Karachi, Desemba 2022, akiwa na miaka 18, na akachukua wiketi tano zamu moja. Mwaka huu, mechi dhidi ya Derbyshire, alipiga mikimbio mia na akachukua wiketi 13.

SALIM: Katika mechi moja?

RUKIA: Moja. Anapiga, anarusha ule mpira wa kuzungusha kwa kifundo, anarudi kupiga. Nilimwambia mzee, huyu nao watakuja kumchukua. Akasema, "Wakija wamkute juu, si chini." Tulikaa kileleni karibu msimu wote, hatukuteleza.

SALIM: Sasa 2026 mko Daraja la Kwanza. Na mabingwa wa Daraja la Kwanza mwaka huu ni nani vile?

RUKIA: Waniuliza na wajua. Nottinghamshire.

SALIM: Mtakutana nao.

RUKIA: Lazima. Mzee ameshaniuliza mara mbili kama ratiba imetoka. Nimemwambia ikiwa ni Trent Bridge tutakwenda siku zote nne, tusiende na kurudi, goti lake halitaki ngazi za stesheni kila siku. Nimeanza kutafuta chumba karibu na uwanja, kwa hiyo kama kuna msikilizaji wetu anayeishi Nottingham na anajua mahali pa bei nafuu, pasipo na ngazi, atuandikie.