Mjusi wa mashine namba tatu

ATU: Haya wapendwa, karibuni tena, mimi Atu nipo, na kaka Gwamaka yupo, leo kaja na kofia ya baridi imeshuka mpaka kwenye nyusi utafikiri anaenda kupanda Rungwe.

GWAMAKA: We cheka tu dada, mi nimetoka Uyole na bodaboda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa saba huu. Masikio siyasikii.

ATU: Pole. Na tuwahi maana chumba hiki wanakwaya wanakitaka saa tatu. Sasa, wiki iliyopita tulitangaza leo ni mazabodi, ile bodi kubwa ndani ya kompyuta ambayo vitu vyote vinachomekwa juu yake, kampuni ipi ya kuaminika ipi ya kukimbia, na kaka kaandaa mambo matano ya kuangalia kabla hujanunua, kayaandika kabisa kwenye daftari.

GWAMAKA: Matano, na la tano ndo lenyewe.

ATU: Tutafika. Ila kwanza nisimulie Jumanne. Nafungua steshenari pale Kabwe, nje kuna watoto kama kumi wamepanga foleni na vyeti vyao wanataka kujaziwa fomu za mikopo ya chuo, nawasha mashine ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu feni inazunguka sekunde moja inakata. Narudia, inazunguka inakata. Mara ya nne naskia harufu, kama nywele zimeungua zikachanganyika na dagaa.

GWAMAKA: Na mara ya nne ulikuwa unatafuta nini? Mashine ikikata yenyewe mara mbili unachomoa waya, hilo nshasema hapa mara ngapi.

ATU: Ngoja nimalize. Nampigia kaka, anakuja, anafungua kifuniko, ananiita "dada njoo uone". Mjusi. Amelala kifudifudi pale kwenye zile pini za bodi ambapo waya mpana wa pawa saplai, kile kiboksi cha kuleta umeme, unachomekwa, mkia uko huku miguu iko kule, amekauka kama samaki wa Kyela.

GWAMAKA: Alikuwa ameshika pini kwa mikono miwili. Yaani kama mtu anayeshika bomba kwenye daladala.

ATU: [anacheka] Basi nikachukua bodi na boksi lake na risiti, nikaenda duka nililonunua, sitaji duka wala kampuni tusije tukaandikiwa barua, bodi ina miezi 14 tu na boksi limeandikwa waranti miaka mitatu. Kijana anaiangalia anasema mama hii hatupokei, waranti haihusu wadudu. Nikamwambia mwanangu, mjusi sio mdudu. Mjusi ana uti wa mgongo!

GWAMAKA: Hapo ndo uliharibu. Ungenyamaza asingejua kama ni mjusi.

ATU: Alikuwa bado yupo pale kwenye pini, nyamaze nini?

GWAMAKA: Ulimpeleka na mjusi dukani?!

ATU: Ushahidi! We ulisema usimtoe.

GWAMAKA: Nilisema usimtoe mpaka nipige picha. Mungu wangu. Haya tuingie kwenye mada maana watu wanataka kujua ASUS au Gigabyte. Kwanza waelewe kitu kimoja, haya majina makubwa mnayogombania yote ni ya Taiwan. Gigabyte, MSI, Biostar, wote wameanza 1986, ASUS 1989, ASRock huyu mdogo 2002 na alitokea mule mule ndani ya ASUS. Ni kama mtu aniulize ndizi za Tukuyu na ndizi za Kiwira zipi ni ndizi.

ATU: Na mtu wa Tukuyu atakujibu.

GWAMAKA: Atajibu kwa mapenzi. Mi naongelea takwimu. Kule Ufaransa kulikuwa na mtandao wa Hardware.fr, walikuwa wanachukua hesabu za duka kubwa, bodi ngapi zimeuzwa na ngapi zimerudishwa na wateja, kampuni kwa kampuni. Unakuta hao wakubwa wanne, ASUS, Gigabyte, MSI na ASRock, wote wanacheza kwenye asilimia 2 hivi, huyu kazidi kidogo yule kapungua kidogo, na toleo linalofuata aliyekuwa juu kashuka. Sasa unaniambia kampuni hii nzuri ile mbovu kwa tofauti ya bodi moja kwenye mia?

ATU: Duka la Ufaransa. Umeme haukatiki, vumbi hakuna, na bodi ikirudishwa inarudishwa bado mpya mpya. Mimi sinunui bodi ya mwaka mmoja, nanunua ya miaka nane. Hizo asilimia zako zinaniambia nini kuhusu mwaka wa saba?

GWAMAKA: Haziambii. Hilo nakubali.

ATU: Andikeni hiyo, kakubali.

GWAMAKA: Nimekubali hilo tu. Ila na wewe huna takwimu ya mwaka wa saba.

ATU: Ninayo. Mashine ya kwanza. Bodi yake ni ya 2016, kampuni nyingine, ipo ukuta ule ule, soketi ile ile, umeme ule ule ambao Jumatatu ulikatika ukarudi mara tatu, mwaka jana tuliifungua ukatoa mende wa kujaza kopo la Blue Band, na inawaka mpaka leo. Hii ya tatu miezi 14 mjusi mmoja tu, imekufa. Sasa niambie kampuni haihusiki.

GWAMAKA: Dada, mende hapitishi umeme vizuri, ana gamba kavu. Mjusi ni maji. Ni nyama. Na watu hawajui, mashine ukiizima kwa kibonyezo haijazimika, kama waya upo ukutani kuna volti 5 za stenbai zinaendelea kuingia kwenye bodi usiku kucha. Mjusi kaingia usiku kaweka tumbo pale, asubuhi unawasha, volti 12 zinakuja na zenyewe, anaunganisha pini ambazo hazitakiwi kujuana. Hata bodi ya milioni inakufa.

ATU: Sawa, kwa nini aliingia ya tatu?

GWAMAKA: Eh?

ATU: Mashine ziko sita kwenye meza moja. Ni baridi, mjusi anatafuta joto. Kazipita ya kwanza na ya pili kachagua ya tatu. Kwa nini? Kwa sababu ndo inachemka! Ile bodi pembeni ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, pale panapopooza umeme wa kwenda kwa prosesa, kampuni imeweka kipande kidogo cha alumini cha kutoa joto, kama kiberiti, wenzao kwenye ile ya 2016 wameweka dude zima la alumini. Na si wewe uliyenifundisha hapa hapa kwamba kapasita za maji, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme kwenye bodi, ukizipunguzia nyuzi 10 za joto zinaishi mara mbili? Basi ukiongeza nyuzi 10 zinaishi nusu. Mjusi alijua kabla yako.

GWAMAKA: Kwa hiyo mjusi ni mkaguzi wa ubora.

ATU: Bora kuliko Hardware.fr.

GWAMAKA: [kicheko kirefu] Haya mkaguzi wako alifanya kazi nzuri akafa kazini, alipwe fidia.

ATU: Waranti haihusu wadudu.

GWAMAKA: Sikiliza sasa. Kile kipande kidogo cha alumini ni kweli, nimekiona. Ila hiyo sio kampuni, hiyo ni bei. Kampuni hiyo hiyo ukipanda ngazi mbili inakuwekea dude la maana. Na wale wa ile yako ya 2016, chukua bodi yao ya bei ya chini kabisa uone, hata hicho kipande hakipo, iko uchi. Mi watu wananiuliza "fundi ASUS nzuri?" nawauliza ASUS ipi, maana hao hao ASUS mwisho wa 2021 bodi yao ya bei mbaya, Maximus Z690 Hero, zilitoka kiwandani baadhi kapasita imegeuzwa kichwa chini zikawa zinaungua, wakaziita zirudi. Hiyo ndo bodi ya matajiri. Jina halikusaidia.

ATU: Lakini waliziita zirudi. Ndo maana ya jina. Mimi ya kwangu nani kaiita?

GWAMAKA: Ya kwako imeitwa na Mungu. Na 2011 Intel walikosea kwenye chipuseti, ile chipu ya kuunganisha vitu kwenye bodi, zile tundu za hadidiski baadhi zinachoka zenyewe polepole, bodi za kampuni zote zikaingia kwenye mkumbo, Gigabyte, MSI, ASUS, wote walinunua kitu kimoja kutoka kwa mtu mmoja. Utalaumu kampuni ipi hapo? Na miaka ya 2000 kapasita zilikuwa zinavimba kichwa zinatoa ute, mpaka Dell mpaka Apple. Mafundi wa zamani hapa Mbeya wamejengea nyumba zile kapasita.

ATU: Unazunguka. Soketi ile ile, ukuta ule ule. Jibu hilo.

GWAMAKA: Bodi moja sio utafiti. Mi nimefungua bodi za kila kampuni zimekufa, mezani kwangu ziko zote.

ATU: Kwa sababu wewe ni fundi! Wewe ni kama daktari wa wodi, unaona wagonjwa tu. Hizo zinazowaka miaka tisa nani kakuletea? Hujawahi kuziona, halafu unasema zote zinakufa sawa.

GWAMAKA: Na wewe umeona mbili halafu unatoa hukumu.

ATU: Sita.

GWAMAKA: Sita, ambazo nne ni Dell na HP za mtumba kutoka Ulaya, ambazo hata bodi yake ikifa huwezi kununua nyingine Kariakoo ukachomeka, kasha lao pini zao waya wa pawa saplai wao. Usizihesabu.

ATU: Kwa nini nisizihesabu? Hazijafa!

GWAMAKA: Haya. Na mi niulize swali. Mjusi aliingilia wapi?

ATU: ... Nyuma.

GWAMAKA: Nyuma wapi?

ATU: Kwenye yale matundu ya nyuma, kile kibati kimoja cha kuziba hakipo.

GWAMAKA: Basi. Hakuchagua joto, kachagua mlango. Zile tano zina vibati vyote. Ungeweka bodi ya dhahabu mle mjusi angeingia vile vile, mada imeisha.

ATU: Na kile kibati kilitolewa na nani?

GWAMAKA: Sijui, vijana wako labda.

ATU: Mwezi wa nne. Mtu alikuja kuweka kadi ya netiweki, ikagoma, akaitoa, akasema kibati nitakirudisha kesho. Kofia alivaa hii hii.

GWAMAKA: Mwezi wa nne hakuna baridi ya kofia.

ATU: Kaka Gwamaka.

GWAMAKA: Kibati kipo. Kipo kwenye boksi la skrubu. Lakini mi hapo nasema hata hivyo...

ATU: Hata hivyo nini, wewe ndo uliyemfungulia mjusi!

GWAMAKA: Na kwa hiyo sio kampuni! Unaona? Umekubali sio kampuni!

ATU: Sijakubali, angeingia akakuta bodi ya baridi angetoka akaenda kwa mtu wa M-Pesa jirani pale ana hita. Alibaki kwa sababu palikuwa pazuri.

GWAMAKA: Mi narudi pale pale, ni bei na ni umeme, jina ni stika tu.

ATU: Na mi bodi inayofuata nanunua ya kampuni ya mashine namba moja, na utakuja kuifunga wewe, bure.

GWAMAKA: Nitaifunga. Bure sijasema.

ATU: Saa ngapi? Eh, wale wamefika, naona kinanda kinashushwa. Mambo matano je?

GWAMAKA: Dakika ngapi?

ATU: Mbili.

GWAMAKA: La kwanza, angalieni bodi imewekewa kapasita za aina gani, zile kavu zenye kichwa cha bati bapa kisicho na msalaba juu ndo... dada wanagonga.

ATU: Shikamooni, tunamalizia! La tano basi, si ulisema ndo lenyewe?

GWAMAKA: La tano linategemea la tatu.

ATU: Basi. Mliofungua mashine mkakuta kitu ndani tutumieni picha, na mseme ilikuwa ya kampuni gani.

GWAMAKA: Na mseme kibati cha nyuma kilikuwepo au hakikuwepo.

ATU: Ndaga fijo, asanteni sana, wiki ijayo.

GWAMAKA: Yule mjusi lakini umemtupa?

ATU: Yuko kwenye boksi, Jumatatu narudi dukani.