Reli Imeng'olewa, Kona Zimebaki: Kufuata Reli Iliyokufa kwa Baiskeli, Japani

Tazama ile kona, kule mbele katikati ya mpunga. Umeiona? Mashamba ya huku yamepimwa kwa rula, mraba kwa mraba, na njia zake zinakatana kama mistari ya daftari la hesabu. Halafu kinatokea kinjia kimoja, kinapinda polepole, kinakata miraba ya watu bila hata kuomba radhi. Mkulima hachori hivyo. Hiyo ni kona ya treni.

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo niko mkoa wa Ibaraki, kaskazini-mashariki ya Tokyo, na nataka tufuate pamoja reli iliyokufa, kwa baiskeli, kutoka stesheni ya kwanza hadi ya mwisho. Wajapani wana neno lake: haisen. Mabaki yake, yaani tuta, madaraja na majukwaa, wanayaita haisen-ato. Nayaweka hapo chini ya video kwa maandishi yao, 廃線跡. Yanakili kwenye simu, maana ukitafuta kwa herufi hizo utapata kazi ya wikendi za mwaka mzima.

Kwa nini zimekufa nyingi? Magari binafsi yalifika vijijini, vijana wakahamia mijini, na shirika la reli la taifa likawa linazama kwenye madeni. Kwa sheria ya mwaka 1980 zilichaguliwa njia 83 za pembezoni, nyingine zikageuzwa kuwa huduma ya basi, nyingine zikakabidhiwa waendeshaji wa maeneo husika. Tarehe 1 Aprili 1987 shirika lenyewe likavunjwa likawa makampuni. Siku hiyohiyo ndipo hii njia ya Tsukuba tunayoifuata leo ilipofutwa, ingawa yenyewe ilikuwa ya kampuni binafsi. Ilianza kazi mwaka 1918. Hesabu mwenyewe: karibu miaka 70.

Haya, tuanze.

Hatua ya kwanza ni kuchagua njia, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Si kila reli iliyokufa inakubali tairi. Kuna zilizowekwa lami zikawa njia rasmi za baiskeli. Kuna za waenda kwa miguu tu. Na kuna zilizoachwa zioze, ambazo madaraja yake hayakaguliwi na mtu. Kwa mfano kule Usui, mpakani mwa Gunma na Nagano, treni za zamani zilikuwa zinapanda mlima kwa reli ya meno, yaani gurudumu la meno linaloshika reli yenye meno, mwinuko wa mita 66.7 kwa kila mita 1,000. Reli ya meno iliachwa mwaka 1963, na njia iliyoifuata ikafungwa mwaka 1997 Shinkansen ya Nagano, treni ya mwendo kasi, ilipokaribia kuanza. Kuna daraja la matofali mekundu pale, refu kwenda juu kama mita 31, utasimama mdomo wazi. Lakini pale acha baiskeli chini, stesheni ya Yokokawa, upande kwa miguu kama wenzako.

Na Yokokawa wameacha vipande vya reli chini. Ukifika, chuchumaa upime upana: milimita 1,067. Ndugu zangu wa Makambako na Mbeya hapo mmeshatabasamu, maana ndio upana wa TAZARA.

Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, nako kuna Taushubetsu, daraja la zege la mwaka 1937 ambalo maji ya bwawa yanalifunika na kulifunua kila mwaka, na kila mwaka linamomonyoka zaidi. Unalitazama kwa mbali. Kulikanyaga hapana. Halafu msitu ule una dubu.

Kwa anayeanza, mimi nasema njia ya Tsukuba. Sibadilishi jibu hata ukiniuliza kwenye maoni mara kumi. Kilomita 40 kutoka Tsuchiura mpaka Iwase, lami mwanzo mwisho, hakuna mlima wa kukutoa roho.

Hatua ya pili: soma ramani kabla hujashika usukani. Idara ya ramani ya serikali, Kokudo Chiriin, ina tovuti ya bure yenye picha za zamani zilizopigwa kutoka angani. Zimo za miaka ya 1940, nyingi zilipigwa na jeshi la Marekani baada ya vita, na zimo za rangi za miaka ya 1970. Fungua picha ya rangi, kisha fungua ramani ya leo kando yake. Fuata mstari wa reli kwa kidole. Sasa tazama leo pamekuwa nini. Mahali pengine ni njia ya baiskeli, pengine ni maegesho ya magari yenye umbo la ajabu, membamba marefu, pengine nyumba zimejipanga kwa kupinda kama zinafuata kitu kisichoonekana.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hili likikuingia kichwani, huhitaji tena kuongozwa na mtu. Treni ina mambo mawili haiyawezi: kupanda ghafla na kukata kona ghafla. Gurudumu la chuma juu ya chuma linateleza, kwa hiyo njia kuu nyingi za huku hazizidi mwinuko wa mita 25 kwa kila mita 1,000. Mhandisi akikuta kilima, anakichimba katikati. Akikuta bonde, analijaza udongo, anainua tuta. Barabara ya gari inapanda na kushuka inavyotaka, reli inanyoosha. Kwa hiyo ukiwa juu ya baiskeli, usitafute reli kwa macho peke yake. Isikilize kwa magoti. Ukiona dakika kumi nzima hujabadilisha giya, huku barabara ya jirani inapanda na kushuka, wewe uko juu ya tuta la reli.

Alama nyingine: maghala ya zamani ya mpunga yaliyokusanyika mahali pasipo na sababu. Palikuwa na stesheni. Na kama njia ilikuwa ya serikali, angalia nyasi za pembeni, unaweza kukuta kinguzo kifupi cha zege chenye alama 工. Ule ni mpaka wa ardhi ya reli. Njia ilishaondoka, kinguzo hakijapewa taarifa.

Hatua ya tatu, baiskeli na mfuko. Baiskeli yoyote yenye breki nzima inatosha. Usije na tairi nyembamba kama uzi, maana mizizi ya micheri, miti ya maua ya sakura, imeinua lami sehemu kadhaa. Beba tyubu ya akiba, viraka, pampu na taa. Mimi safari ya kwanza nilibeba viraka nikasahau gundi. Nilisukuma baiskeli saa nzima pembeni ya mashamba huku bibi mmoja akinitazama kwa huruma, akanipa chungwa. Chungwa halizibi pancha, lakini nilishukuru.

Kofia ngumu, vaa. Tangu Aprili 2023 sheria inawataka waendesha baiskeli wote wajitahidi kuivaa. Simu, iache mfukoni: tangu Novemba 2024 adhabu ya kushika simu ukiwa unaendesha imekuwa kali, hata kifungo kimo. Tunapita kushoto, kama nyumbani, hilo halitakusumbua.

Sasa mfuko. Huku huwezi kuingia kwenye treni ya kawaida ukisukuma baiskeli. Lazima iingie yote kwenye mfuko unaoitwa rinko bukuro, hakuna kinachochungulia nje, si usukani, si tairi. Jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 250, uzito usizidi kilo 30. Ukitimiza hayo hulipi chochote cha ziada. Fanya hivi, nitazame mikono. Kwanza weka mnyororo kwenye giya ndogo ya nyuma, hapo gurudumu litatoka bila kukupaka mafuta. Geuza baiskeli, ikae juu ya kiti na usukani. Toa gurudumu la mbele, kisha la nyuma. Yaegemeze magurudumu pande mbili za fremu, moja huku, moja huku, funga kwa mikanda mitatu, kaza. Ukiitikisa isilie. Vuta mfuko kutoka juu kwenda chini, pitisha mkanda wa bega, umemaliza. Mara ya kwanza itakuchukua nusu saa na utatukana. Fanyia mazoezi sebuleni, si stesheni ya Ueno, Tokyo, saa mbili asubuhi.

Na hiyo saa mbili asubuhi uikwepe kabisa. Panda treni ya njia ya Joban kutoka Ueno baada ya msongamano kupungua, simama kwenye behewa la mwisho, kwenye kona, mkono juu ya mfuko. Kama huna baiskeli, stesheni ya Tsuchiura yenyewe ina duka la baiskeli na za kukodi.

Hatua ya nne: piga pedali.

Tunatoka Tsuchiura, mji wa pembeni ya ziwa Kasumigaura, ziwa la pili kwa ukubwa Japani. Mashamba unayoyaona yenye majani mapana kama sinia ni ya renkon, mizizi ya yungiyungi, na Tsuchiura ndio inaongoza nchi nzima kwa zao hilo. Kilomita za mwanzo zina majumba na magari, zipite tu.

Hapa Mushikake ndipo burudani inapoanza. Lile jukwaa lile! Saruji imesimama, ukingo wake mweupe umesimama, treni haipo, badala yake kuna choo, benchi na mti wa mcheri. Kuna vituo kama hivi Fujisawa, Tsukuba, Makabe na Amabiki. Panda juu ya jukwaa, ni ruhusa. Halafu angalia chini, pale unapopita na baiskeli: hapo ndipo palipokuwa na mataruma na kokoto.

Jambo moja la usalama, nalirudia kila video. Njia hii inakatwa na barabara mara nyingi sana. Zamani treni ndiyo ilikuwa na haki na magari yakisubiri. Leo mambo yamegeuka, wewe ndiye unayesubiri. Ukiona 止まれ kwenye lami maana yake simama, mguu chini, angalia pande zote. Vinguzo vilivyosimama katikati ya njia ni vya kuzuia magari, vipite polepole. Mwenzangu mmoja aliacha kiwiko pale.

Oda sasa. Reli ilipita katikati kabisa ya magofu ya ngome ya Oda, ndani ya ua mkuu. Mwaka 1918 hakuna aliyeona ajabu. Baadaye magofu yalichimbwa na kutengenezwa upya, na njia ya baiskeli ikapindishwa kuzunguka nje. Ndiyo maana hapa tunakata kona kali ambayo treni isingeiweza. Umeona? Magoti yamekuambia kabla ya kibao.

Mlima ulioko kulia mbele yetu ndio Tsukuba, mita 877, vilele viwili. Zamani treni za moja kwa moja kutoka Ueno zilikuwa zinamwaga watalii stesheni ya Tsukuba, hapa hapa, waende kuupanda. Stesheni imekuwa kituo cha basi na mapumziko. Mimi hapa hula onigiri, matonge ya wali, za mchele wa Hojo, mchele wa vijiji tulivyopita sasa hivi, na nawaambia bila upendeleo: wali mtupu, chumvi kidogo, unatosha.

Toka hapo mpaka Makabe ni sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mlima kulia, mpunga kushoto, kimya. Makabe ni mji wa wachonga mawe, taa zao za granite ziko kwenye bustani nyingi za nchi hii. Toka kwenye njia, ingia mjini dakika kumi tu, uone maduka na maghala ya zamani. Ukija Februari au mwanzoni mwa Machi, utakuta vibanda na majumba yametandaza wanasesere wa sikukuu ya wasichana.

Ila ukija miezi hiyo ya baridi, geuza safari. Upepo mkavu unashuka kutoka mlimani, wanauita Tsukuba oroshi, na ukiukabili kwa kilomita 40 utajuta kuzaliwa na uso. Panda treni mpaka Iwase, uanzie huko, upepo ukusukume mgongoni kuja Tsuchiura. Mwanzoni mwa Aprili ni kinyume: njoo upande wowote, micheri ya jukwaa la Amabiki itakulipa. Julai na Agosti beba maji mara mbili ya unavyodhani.

Ukishaizoea hii, ya pili yako iwe Kubiki, mkoa wa Niigata, kilomita 32 kando ya bahari, juu ya njia ya zamani ya Hokuriku. Milima ile ilikuwa inaporomokea reli, hivyo mwaka 1969 waliihamishia ndani ya handaki refu la kilomita 11, na mahandaki ya zamani ya matofali wakaachiwa wenye baiskeli. Taa iwe imechajiwa, na macho yape muda wa kuzoea giza kabla hujaongeza mwendo. Na kama una watoto, nenda Hida, mkoa wa Gifu. Reli ya Kamioka ilifungwa mwaka 2006 lakini haikung'olewa. Wamefunga baiskeli kwenye fremu za chuma zenye magurudumu ya kukaa juu ya reli, mnapiga pedali mkiwa wawili wawili, kila kiungio cha reli kinagonga: gatan, gatan.

Haya, Iwase hii hapa. Njia yetu inajisogeza kando ya reli hai ya Mito, zinakwenda bega kwa bega, kisha yetu inaishia kwenye lami. Ile ya pili ina treni ya kwenda Tomobe, ambako nitabadilisha kurudi Ueno. Nina dakika kumi na mbili. Mnyororo giya ndogo, baiskeli juu chini, gurudumu la mbele, la nyuma. Mkanda mmoja, wa pili. Wa tatu uko wapi? Ah, niliufunga kwenye begi la chakula.