Mbona miaka inapita huji nyumbani? Leo najibu

Habari zenu ndugu zangu, wa Newala, Masasi, Mtwara mjini na popote mlipo. Kila video ninayoweka, hata ile ya kupika ugali, lazima nikute komenti: "Dada, mbona miaka inapita huji?" Leo najibu. Najua wengine watasema najisifu, wengine watasema nalalamika na huku niko Ulaya. Semeni, ila nisikilizeni kwanza.

Huko nyumbani mwaka unauona. Mikorosho inapuliziwa salfa, inatoa maua, watu wanaokota, korosho zinakwenda ghalani, minada inaanza. Mama akisema "tutajenga choo baada ya korosho", hakuna anayemuuliza tarehe. Hapa Ujerumani nahudumia wazee. Wiki hii zamu ya asubuhi, wiki ijayo ya usiku. Desemba jua linazama saa kumi jioni, Juni saa tatu usiku bado linawaka. Unaamka, unafanya kazi, unalala, halafu mtoto uliyemwacha anatambaa anakupigia simu anakusomea kitabu. Mimi hilo ndilo linaloniumiza, kuliko hata baridi.

Mwaka wangu naujua kwa kadi ya ukaazi. Bila kadi hai ukitoka, kurudi ni shida. Bibi yangu alipofariki, kadi ilikuwa imeisha. Maombi nilikuwa nimepeleka mapema, barua pepe nimeandika mpaka nimechoka, miadi sijapewa, na hata ile karatasi ya muda haijatoka. Nikafuatilia mazishi kwa simu. Na kuna ndugu, simtaji, akasema pale msibani kwamba nimeshakuwa mzungu, nimetuma pesa badala ya kuja. Maneno yale bado ninayo. Pesa yenyewe ilikuwa ya kodi ya nyumba.

Maana na hiyo pesa mnaiona kubwa. Sikatai, napata kuliko ningepata Newala. Lakini kodi ya mapato na bima zinakatwa kabla sijashika kitu. Hata redio na televisheni, kila nyumba inalipa euro 18.36 kwa mwezi, uwe na televisheni usiwe nayo. Hiyo ni zaidi ya elfu hamsini yetu. Nauli ya ndege inabidi ikusanywe kidogo kidogo, na mwezi ambao mtu anaumwa nyumbani, inaondoka yote.

Wazee wetu waliokwenda Dar kutafuta maisha nao walikawia. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, mvua zikikolea barabara ya kusini ilikuwa tope, na Rufiji unavuka kwa kivuko pale Ndundu. Mtu alikaa masika nzima bila kurudi, na hakuna aliyemwita mzungu. Nami naomba mnipime hivyohivyo.

Hayo ni yangu. Kuna wenzangu wanakuja kila mwaka, wana kazi nyingine na vibali vingine, msiwaulize kwa nini mimi siwezi. Unayetaka kuja huku, siwezi kukwambia uje au usije, sijui nyumbani kwako kukoje. Ninachoweza kukwambia ni kwamba kadi yako ikibakiza miezi michache, anza kusumbua ofisi, na kila unachowaandikia tunza nakala. Mimi hii ya sasa nimeshaanza kuifuatilia. Ikitoka, nakata tiketi ya Oktoba, na mama atakuwa wa kwanza kujua, kabla yenu.